Ua la Apolena

Matyáš Kolda alikuwa mchora vikombe kabla hajawa mchora mawe, na baba mkwe wake hakumwacha asahau.

"Mkwe wangu," mzee Blažej Turek alikuwa akisema mezani, shavu limejaa kabichi, "wanaume wenzako wanachimba makaa ya mawe ili watu waote moto. Wewe unachora picha za mawe. Sasa nani ataota moto wa picha?"

"Wasomi wa Praha, baba."

"Basi hao baridi imewapiga kichwani."

Apolena, mke wa Matyáš na binti pekee wa mzee, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nyumba ile ilikuwa na utani mwingi na chumvi kidogo, na mzee alimpenda mkwe wake kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kiwanda cha kauri kilipopunguza watu, Matyáš alichukuliwa kazi na Daktari Zahálka. Huyu alikuwa tabibu wa wachimbaji wa Hořenice, na nisimsingizie, alikuwa tabibu mzuri, ila moyo wake ulikuwa kwa mimea iliyogeuka mawe. Wakati huo elimu ya visukuku ilikuwa changa kabisa. Katika kila mgodi kulikuwa na msomi aliyepiga magoti akitafuta alama ya jani kwenye jiwe, alichore, alipe jina, alichapishe upesi kabla jirani yake hajalichapisha. Maana walikuwa na desturi yao: jina la kwanza kuchapishwa pamoja na picha ndilo linalobaki, na anayekuja nyuma hana chake. Kwa ajili ya desturi hiyo watu wazima wenye ndevu walikuwa wakinuniana miaka.

Daktari alimfundisha Matyáš mambo mawili. La kwanza, mwanga uingie siku zote kutoka bega la kushoto. La pili alilirudia mpaka likamkaa mkononi: "Palipovunjika, pakamilishe. Jani likikosa ncha, lipe ncha. Wasomaji wetu hawanunui vipande." Matyáš hakuona ubaya. Kwenye kauri pia hakuna mtu anayenunua waridi lenye petali nusu.

Sasa, ndani ya mgodi wa Hořenice kulikuwa na ukumbi. Makaa yake yalikwisha kuchimbwa zamani, sakafu ikafagiliwa, na dari ikabaki tupu, jiwe la kijivu. Kwenye dari hiyo kulikuwa na maua. Watu wote waliyaita hivyo. Yalikuwa maduara makubwa yenye kingo za mawimbi, mengine kama sinia, mengine kama gurudumu la mkokoteni, na kila moja limezungukwa na mstari mweusi mwembamba. Daktari alisema ni maua ya dunia iliyokuwako kabla ya Gharika, yaliyolala chini na kubanwa na tope. Matyáš aliupenda sana ule mstari mweusi. Alikuwa amekula ujana wake akizungushia maua ya vikombe mstari kama ule kwa brashi ya nywele chache, mkono ukitetemeka, na hapa Mungu alikuwa ameuzungusha mwenyewe bila kutetemeka.

Ua kubwa kuliko yote lilikuwa katikati ya ukumbi, na lilikuwa na kasoro moja. Nguzo nene ya msonobari ilisimama chini yake kushikilia dari, ikaziba karibu robo ya petali.

"Baba," Matyáš alimwambia mkwewe, "hiyo nguzo inanikata ua."

"Ichore na nguzo yake."

"Daktari anataka ua zima."

Mzee Blažej alikuwa mgonga dari wa mgodi ule. Kila alfajiri alitangulia wenzake na fimbo yake yenye kichwa cha chuma, akigonga juu na kutega sikio. Dari mbovu hujibu kama pipa tupu. Dari nzima hulia kama kengele. Kwa sikio lile aliwarudisha nyumbani wanaume wengi wakiwa hai, na kijiji kizima kililiamini kuliko kilivyoliamini saa ya kanisa. Basi aligonga ua lile pande zote, akagonga katikati, likalia kama kengele. Akagonga tena kwa sababu aliyeomba alikuwa mume wa binti yake. Kisha akachukua shoka, akaikata nguzo, akaipiga teke la mwisho, ikaanguka.

"Haya, mchora vikombe. Chora ua lako."

Matyáš alilichora siku nyingi, amelala chali juu ya ubao, taa kifuani. Lilitoka zuri la kukata roho. Daktari alipoliona alimkumbatia, akamwambia achague jina, na Matyáš, ambaye hakuwahi kumnunulia mkewe hata kitambaa cha hariri, akataja la mkewe. Picha ikaenda Praha, ikachongwa kwenye shaba, ikachapishwa na maelezo ya Kilatini chini yake. Ua la Apolena. Wanawake kisimani walimtania wiki nzima.

"Jamani, pisheni, ua limekuja kuteka maji!"

"Ua gani hili lina magoti ya kichimbaji?"

Apolena alijifanya kukasirika, lakini nyumbani aliufungua ule ukurasa kila siku.

Siku ya Mtakatifu Barbora, mlinzi wa wachimbaji, ilipokaribia, mwenye mgodi aliamua kwamba safari hii misa isomwe ndani, chini ya maua, na wasomi kutoka Praha waalikwe kutazama. Waimbaji wangesimama katikati, na ilikubaliwa bila mjadala kwamba Apolena atasimama mbele, chini ya ua lake mwenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo alioka keki ya bábovka. Alikuwa na chombo chake cha udongo chenye mikunjo kama sketi, alichorithi kwa mama yake, na alikipaka mafuta ya nguruwe vizuri mpaka kila mkunjo ukang'aa. Keki ilipoiva, alikigeuza juu ya sahani, akakiinua. Keki ikashuka yote kwa mara moja, *puu*, nzima, mikunjo yake haijaguswa. Matyáš akakata kipande kabla haijapoa, akapigwa kofi mkononi.

"Subiri wageni, we mlafi!"

Mzee Blažej alikuja kumchukua binti yake akiwa amevaa rasmi: koti jeusi la vifungo viwili viwili na kofia ndefu yenye unyoya mweusi uliosimama wima. Alijizungusha mlangoni aonekane.

"Nimependeza?"

"Kama jogoo wa askofu," Matyáš alisema.

"Afadhali jogoo kuliko kuku wa kuchora." Akaondoka na binti yake wakicheka, na Matyáš akawasikia mpaka kwenye kona.

Yeye alibaki nyumbani. Mwendesha mkokoteni mmoja alikuwa ameleta jiwe lililobomolewa na mto juu ya kijiji, na daktari alitaka lichorwe upesi ili awaonyeshe wageni baada ya misa. Lilikuwa pande la jiwe la kijivu, na ndani yake limesimama gogo la jiwe lenye unene wa paja, mistari ya gamba ikishuka sawasawa. Shina la mti, hilo halikuwa na ubishi. Matyáš alilichora upande. Kisha akataka kuchora chini yake. Akalikumbatia lile pande zima, akaliinua kutoka mezani ili alipindue.

Gogo likateleza, likatoka.

Halikuvunjika. Halikukwaruza. Lilishuka kutoka ndani ya pande kama lililokuwa limepakwa mafuta, likadondoka sakafuni wima karibu na kidole chake cha mguu, na yeye akabaki amekumbatia jiwe lenye tundu. Ndani ya tundu kulikuwa na utando mweusi. Aliugusa kwa kidole, ukapukutika. Makaa. Gamba la mti lilikuwa limegeuka makaa membamba, laini, na hilo tu ndilo lililokuwa likishikilia gogo lile.

Alitukana kidogo, akaweka pande chini, akalilaza gogo na kukitazama kitako chake. Duara. Kingo za mawimbi. Pembezoni mwake, mstari mweusi mwembamba.

Matyáš aliona ua.

Mwanzoni alifurahi kijinga, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Halafu akaacha kutabasamu. Aliligeuza gogo wima, akalilaza tena, akatazama kitako. Chini lilikuwa nene, juu jembamba, kama miti yote. Akakumbuka amelala chali ukumbini, taa kifuani, akichora alichokiona kana kwamba kimelazwa mezani mbele yake. Karatasi haina juu wala chini. Kwenye karatasi lilikuwa ua. Kule lilikuwa unyayo wa mti, na mti wenyewe ulikuwa juu yake, umesimama ndani ya jiwe, mzito kama nyumba, mnene upande wa chini, umepakwa makaa pande zote.

Na nguzo aliiomba yeye iondolewe.

Hakuchukua koti. Alikimbia barabarani na shati tu kwenye barafu, akapita mbwa, akapita bibi mmoja aliyefanya ishara ya msalaba, akaingia mdomo wa mgodi na kushuka akijigonga mabega. Alisikia wimbo kabla ya kuona mwanga. Ukumbi ulijaa mishumaa. Padre alikuwa mbele, wasomi wa Praha wamekaa kwenye viti, wachimbaji wamesimama na kofia mikononi, na katikati, chini ya gurudumu lile la jiwe, waimbaji, na mbele yao Apolena ameinua kidevu, anaimba.

"Tokeni!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Tokeni hapo chini!"

Wimbo ukakatika. Padre alibaki mkono hewani.

"Bwana Kolda!" Daktari Zahálka alisimama, uso umemwiva kwa aibu. "Hii ni ibada!"

"Daktari, siyo ua. Ni mti! Tunauona unyayo wake. Mti uko juu, umesimama!"

Msomi mmoja alicheka puani. "Mti umeota kwenye dari?"

"Bwana, sisi ndio tuko chini ya mizizi yake!"

Watu wakaanza kuguna na kusukumana viwiko. Hakuna aliyesogea. Nani asogee? Mtu ameingia misani na shati, jasho linamtoka, anapiga kelele kuhusu miti. Mzee Blažej alimjia, akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini ya mtu anayemstahi mkwe wake: "Matyáš, mwanangu, umekunywa nini asubuhi hii? Twende nje."

"Apolena!" Matyáš aliita juu ya bega la mzee. "Keki! Ile keki ya leo! Ulipogeuza chombo, ilifanyaje?"

Kicheko kikalipuka ukumbi mzima. Hata padre alificha mdomo. Lakini Apolena hakucheka. Aliinua macho taratibu. Alitazama mikunjo ya lile duara, na ule mstari mweusi uliolizunguka, kama mwanamke anayeangalia chombo chake mwenyewe kwa chini. Matyáš aliona rangi ikimtoka mashavuni.

"Ilishuka yote," alisema. "Mara moja."

Akawashika wenzake wawili mikono, akawavuta. "Ondokeni. Ondokeni, nimesema! Ludmila, ondoa huyo mtoto!" Wanawake, ambao wote walikuwa wamegeuza vyombo vyao asubuhi ile, wakaangalia juu na kuondoka wakikanyagana, wakajibanza ukutani.

Katikati pakabaki wazi. Mzee Blažej akasimama pale akitazamwa na kijiji chake chote na wageni kutoka mjini, na ilimuuma. Ilimuuma kwelikweli. Tangu kijana hakuna mtu aliyewahi kuondoka chini ya dari aliyoipitisha yeye.

"Basi na mimi leo nimekuwa mwongo," alisema. Akachukua fimbo yake, aliyokuwa amekuja nayo kwa maandamano. "Dari hii niliigonga mimi. Ingekuwa mbovu, ningemweka mwanangu wa pekee chini yake? Eh? Semeni!"

"Baba, njoo huku," Apolena alisema.

"Ngoja. Wasikie." Akaingia chini ya ua, akagonga.

Dari ililia kengele, safi, ndefu. Wachimbaji wakaguna kwa kuridhika. Hata Matyáš, ninawaambia, kwa pumzi moja aliona aibu na kufikiri amekosea.

"Umesikia?"

"Baba, inalia kwa sababu jiwe lenyewe ni zima! Ubovu hauko kwenye jiwe, uko kwenye mstari."

"Mstari gani?"

"Ule mweusi. Ule nilioupenda."

Mzee aliinua mshumaa wake kwenye ukingo wa ua. Tone la maji lilitoka kwenye mstari, likamwangukia shavuni. Akalifuta kwa kiganja, akakitazama kiganja. Kilikuwa cheusi. Matyáš aliona uso wake ukibadilika, na hilo ndilo lililomrudia baadaye kila alipofumba macho: mzee alielewa.

"Matyáš," alisema taratibu, "ile nguzo tuliiweka wap—"

Hapakuwa na mlio wa kuonya, wala vumbi, wala ufa. Kulikuwa na dari, kisha kukawa na upepo uliozima mishumaa yote kwa pamoja, na kishindo kilichoingia miguuni kabla hakijafika masikioni. Gizani watu walimwita Yesu na Maria. Apolena alikuwa akimwita baba yake. Aliita mara nyingi, kwa sauti ileile, kama anayemwita mtu aje kula.

Mtu alipopata kuwasha taa, waliuona. Mti ulikuwa umesimama katikati ya ukumbi, wima, mkubwa, mistari ya gamba ikishuka sawasawa kutoka juu mpaka sakafuni, haujavunjika popote. Juu yake kulikuwa na shimo jeusi, laini. Mbele yake, kofia yenye unyoya. Daktari Zahálka alipiga magoti na mkono wake ukaligusa lile gamba, akasema kwa mnong'ono, "Ni mti," kana kwamba hakuna aliyekwisha kumwambia. Mchimbaji mmoja alimvuta kola akamtupa pembeni.

Kisha mtu mwingine akainua taa kutazama njia ya kutokea, na maduara yalikuwa kote juu ya vichwa vyao, makubwa kwa madogo, mpaka mlangoni. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Walitoka mmojammoja, migongo ukutani, wakimtanguliza Apolena, ambaye ilibidi abebwe.

Mzee walimtoa kesho yake, baada ya kusimamisha nguzo kila mahali. Sisemi walimtoaje.

Daktari alikuja kuhani msiba na alilia, machozi ya kweli. Alikaa, akanywa alichopewa, akakunjakunja kofia yake. Na kabla ya kuondoka akasema lile alilokuja nalo: shina kama lile, zima, lililosimama, hakuna mtu aliyewahi kulichora, na wageni wa Praha walikwisha kuandikiana barua. Ingefaa lichorwe upesi.

"Na jina?" Apolena aliuliza kutoka kwenye jiko. Ilikuwa mara ya kwanza kusema siku ile.

"Jina... limekwisha kuchapishwa, mama. Kwa ua. Na kwa kuwa ua na mti ni kitu kimoja..."

"Lifute."

"Haliwezi kufutwa. Jina la kwanza ndilo linalobaki. Ni desturi yetu."

Apolena alimtazama ametoa macho, kama aliyeambiwa kwamba maji yanapanda mlima. "Kilichomuua baba yangu kinaitwa mimi?"

Daktari akavaa kofia yake, akatoka.

Matyáš alikwenda kuchora. Watu walimlaumu, wengine walimsamehe, lakini alijua kwamba asipochora yeye atachora mwingine, na huyo mwingine hatakuwa amemjua mzee. Alichora shina lote, gamba, kitako, na ule utando mweusi, safari hii kwa jina lake, makaa. Chini ya shina akachora kofia.

"Hii ya nini?" Daktari aliuliza.

"Kipimo. Wajue ukubwa wa mti."

"Kwa kawaida tunaweka fimbo, au mkono."

"Mimi nimeweka hiyo."

Daktari alikwenda nayo dirishani, kisha akaifunga kwenye bahasha bila kugusa kitu.

Nakala iliyochapishwa ilifika majira ya kuchipua. Apolena alipangusa mikono kwenye aproni, akaifungua mezani, pale pale alipokuwa akikaa baba yake. Aliweka kidole juu ya jina lake, akalifunika. Kisha akatazama kofia.

"Unyoya umeuchora umesimama."

Matyáš akatazama. Ulikuwa umesimama kweli, wima, mweusi, mzuri, kila uzi mahali pake. Hakukumbuka kuuamua. Mkono ulifanya wenyewe.

"Tulipomtoa ulikuwa umevunjika," Apolena alisema. "Katikati. Mimi ndiye niliyeuokota."

"Najua."

"Basi uvunje."

Alichukua kalamu, akaiweka kando ya ukurasa. Halafu akakwangua wino kwa kisu kidogo na kuuvunja unyoya, palepale ulipovunjikia, ncha ikaning'inia. Apolena aliangalia mpaka akamaliza, akaukunja ukurasa, akauweka ndani ya chombo cha bábovka juu ya rafu, ambacho hakikupakwa mafuta tena. Nakala nyingine zilikwisha kwenda Praha, Vienna na Paris, na huko kofia ya mzee Blažej bado ina unyoya mzima.